Mbaazi Kumi na Sita

Ukifika Namkwacha leo ukauliza Brigita alikufaje, hata muuza vocha atakujibu bila kuinua uso: alisinzia. Aliachwa alinde maji, usingizi ukampitia, bahari ikawazunguka yeye na mumewe. Mume akapona, yeye akaenda na maji. Ni habari fupi, inaeleweka haraka, na akina mama wanaitumia kuonyea watoto, ndiyo maana watu wanaipenda. Ina kasoro moja tu, kwamba si ya kweli. Na aliyeianzisha ni mumewe mwenyewe, Laurenti, wala hakuianzisha kwa maneno. Aliinamisha kichwa mara moja, basi.

Tumjue kwanza huyo Laurenti. Ni Mmwera, kazaliwa huko juu upande wa Kitomanga, kwenye mihogo na mikorosho, akateremka pwani akiwa kijana kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Chumvi ilimla miguu, akaiacha kazi, lakini pwani hakuiacha. Sasa ana miaka sitini na moja na hajui kuogelea. Msicheke. Zamani alipandishwa ngalawa mara moja, akatapika mpaka wenzake wakamrudisha kwa huruma, na tangu siku hiyo wavuvi wa vyombo wakawa wanamwita mvuvi wa nchi kavu. Yeye alikuwa akisema hajali. "Ninyi mnawafuata samaki," aliwajibu, "mimi samaki wananifuata." Na kusema haki, walikuwa wanamfuata.

Walimfuata kwenye mwamba unaoitwa Kinyozi. Jina hilo limekaa mahali pake, maana ukikanyaga peku unanyolewa nyayo. Kati ya mwamba na ufuko kuna mkondo, si mpana sana, mtu mwenye nguvu anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Maji yakijaa, mkondo huo unakwenda mbio kuliko mto wa masika, na hata wenye vyombo wanaukwepa. Siku za maji mafu, ambazo bahari haitoki sana wala haiingii sana, Kinyozi hapafikiki. Lakini siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, bahari hutoka mpaka mkondo unabaki vidimbwi, mtu akavuka bila kulowa magoti. Upande wa nje wa mwamba kina kinaanza palepale unaposimama, na chini yake kuna mapango ya chewa na changu. Hapo ndipo Laurenti alikuwa akisimama na mshipi wake wa kuvulia, uso baharini, mgongo nchi kavu.

Tatizo lilikuwa huo mgongo. Mwamba umeinuka katikati, kwa hiyo aliyesimama upande wa nje hauoni mkondo ulio nyuma yake, na mkondo ndio unaojaa kwanza. Ndiyo maana Kinyozi haendi mtu peke yake. Mmoja anavua, mwingine anakaa upande wa ndani kulinda maji. Katikati ya mkondo kuna jiwe dogo la mviringo, wanaliita Kipara. Maji yakianza kukilamba Kipara, mlinzi anagonga ndoo mara tatu, na mvuvi anakunja mshipi wake hata kama samaki amekwisha kushika ndoana. Kipara kikizama, umechelewa.

Brigita alilinda maji miaka ishirini na sita. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, anayeweza kuchokoa pweza kwenye tundu huku jicho lake halijaondoka kwenye Kipara. Watoto walizaliwa wawili, hakuna aliyefikisha mwaka, na baada ya hapo Mungu hakuwapa mwingine. Walibaki wawili, shamba lao la mihogo, na Kinyozi.

Hesabu ya mwezi pia ilikuwa yake. Bahari haijui Jumatatu wala Jumapili, inajua mwezi. Siku ya kumi na tano ya mwezi maji yanamaliza kutoka saa fulani ya asubuhi. Kesho yake yanachelewa kwa kiasi cha robo tatu ya saa, keshokutwa vivyo hivyo. Ukijua leo ni mwezi ngapi, unajua uvuke saa ngapi na urudi saa ngapi. Nyumba yao iko juu, mwendo wa saa nzima toka ufukweni, kwa hiyo hawakuwa watu wa kuichungulia bahari kila siku. Brigita aliweka kikombe cha bati kwenye rafu. Mwezi ukiandama anakimwaga, na kila asubuhi anatia mbaazi moja. Aliyetaka kujua habari za bahari alihesabu mbaazi. Ndivyo Wakatoliki hawa wawili, wenye rozari ukutani, walivyozijua tarehe za Kiislamu kuliko waumini wengi, na Hussen rafiki yao aliwatania kwamba kilichobaki ni kutoa shahada tu.

Mwaka huo Idi ilikuja katikati ya masika. Mawingu yalikaa juu ya Namkwacha wiki tatu, mwezi hakuuona mtu. Mnajua hali ikiwa hivyo watu hugawanyika: wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, wapo wanaongoja uonekane huku kwetu. Mimi siingii kwenye hilo, kila mmoja ana dalili zake. Pale kijijini wengine walisali Idi siku ya kwanza, wengine wakafunga siku moja zaidi. Hussen, ambaye ndiye aliyekuwa akipakia samaki wa Laurenti kwenye baiskeli na kuwapeleka Kitomanga, alikuwa katika wale wa mwanzo, na kama kila mwaka alimwita Laurenti nyumbani kwake akale pilau.

Laurenti alirudi jioni ameshiba, mikono inanukia viungo.

"Mwaga kikombe," akamwambia mkewe. "Mwezi umeandama."

"Nani kauona?"

"Watu wamesali Idi."

"Wa msikiti wa juu bado wamefunga. Nimewapitia sasa hivi, wanakoroga uji wa kufuturu."

"Brigita, pilau nimekula mimi mwenyewe. Watu watachinja mbuzi bila mwezi?"

Brigita akasema pengine wangoje kesho jioni, wingu likipasuka waangalie kwa macho yao. Laurenti akakasirika. Alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi, ila hakupenda kuambiwa kwamba hajui bahari. Wavuvi wa vyombo walikuwa wamemwambia hivyo maisha yake yote, na hakuwa tayari kuambiwa tena na mkewe, ndani ya nyumba yake. "Mwaga," akasema. Brigita akakimwaga kikombe, akatia mbaazi ya kwanza.

Bamvua ya mwezi mchanga ilipita na mvua, hawakwenda. Maji mafu yakaja, wakapalilia mihogo. Wingu halikupasuka hata siku moja, na mwezi mpevu nao ulikuja ukapita juu ya wingu bila wao kuuona. Mbaazi zilipofika kumi na saba, mvua ikakatika asubuhi, na Laurenti akasema leo ni leo. Kwa mwezi kumi na saba, alivyokokotoa, maji yangemaliza kutoka saa tano na robo. Wavuke saa nne na nusu, wavue wakati maji yanamalizia kutoka, na saa sita wawe wamerudi ufukweni.

Walipofika, mkondo ulikuwa mkavu kuliko alivyotarajia. Laurenti alifurahi kama mtu aliyewekewa chakula mezani. Brigita aliinama, akashika mchanga.

"Mchanga umekauka juu," akasema. "Maji yakiwa yanatoka, mchanga unakuwa bado unachuruzika. Huu umekaa muda."

"Jua limetoka."

"Jua la wapi, Laurenti? Hilo la dakika kumi?"

"Twende bwana, tunachelewa."

Wakavuka. Brigita akakaa mahali pake, ndoo miguuni. Laurenti akapanda, akateremkia upande wa nje, akatia chambo cha kaa kwenye ndoana, na kabla hajatulia vizuri akapata changu. Akapata mwingine. Akawatunga, akawafunga kiunoni. Kisha likaja vuto zito ambalo alikuwa hajalipata tangu mwaka uliopita, akajua huyu ni chewa. Chewa akishikwa hukimbilia pangoni, akatanua mapezi na kujibana humo, na ukimvuta kwa nguvu unaukata mshipi. Dawa yake ni kulegeza na kungoja, mpaka atoke mwenyewe akidhani umeondoka. Laurenti alikuwa amelegeza, kidole juu ya mshipi, ndoo ilipogongwa mara tatu.

Hakugeuka. Kwa hesabu yake bahari ilikuwa bado inatoka. "Wimbi hilo!" akapiga kelele. "Maji bado hayajageuka!"

Ndoo ikagongwa tena, mara tatu, kwa nguvu zaidi.

"Mwanamke, mbaazi si ulitia mwenyewe? Ni ngapi? Niache nivue!"

Ndoo ikanyamaza.

Hapo ndipo panapomuuma Laurenti mpaka leo. Ilinyamaza kwa sababu yeye aliinyamazisha. Mwanamke mwingine angevuka akaenda zake, akamwachia chewa wake. Brigita aliiacha ndoo, akapanda mwamba, akitambaa kwa mikono pale penye makali, akaja mpaka akamgusa bega.

"Kipara hakionekani," akasema. Hakupaza sauti, wala hakusema nilikwambia.

Walipoingia mkondoni maji yalikuwa kiunoni, na katikati yalikuwa kifuani. Laurenti alikuwa amemshika mkono. Gauni la Brigita likavimba kwa maji, kanga ikamzonga miguu, mkondo ukawapiga ubavuni. Nani alimwachia mwenzake, Laurenti hajui. Amejiuliza mara nyingi, na hakuna siku aliyojijibu jambo la kuaminika. Yeye alitupwa kwenye mawe ya upande wa ufuko, akang'ang'ania, akapanda. Alipogeuka alimwona Brigita mara moja, kichwa na mkono, mbali kuliko alivyodhani mtu anaweza kufika kwa muda ule. Baada ya hapo hakuona kitu tena isipokuwa maji.

Hussen alipofika na baiskeli yake kuchukua samaki, alimkuta Laurenti amekaa mchangani anatetemeka, changu wawili bado wananing'inia kiunoni. Hussen akapiga kelele, watu wakaja mbio kutoka mashambani na kutoka kwenye vyombo. Wengine wakaingia majini, wengine wakakimbia na ufuko. Hussen aliwafungua wale changu kiunoni mwa rafiki yake, akawatupa. Mtu mmoja akauliza mlinzi wa maji alikuwa nani. Laurenti akasema Brigita.

"Kwani alisinzia?"

Laurenti akainamisha kichwa.

Meno yalikuwa yanagongana. Angeulizwa kama yeye ni padri angeinamisha kichwa vilevile. Hilo ni kweli, na ninamtetea kwa hilo. Lakini kesho yake meno yalikuwa hayagongani tena, watu wakarudia habari ya usingizi mbele yake, na hakusema kitu. Hapo simtetei.

Brigita alionekana siku ya tatu, kwenye mikoko, akazikwa siku ileile. Katekista Romani, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kigangoni, ndiye aliyeandika historia fupi ya marehemu kwenye karatasi ya daftari, kama ilivyo desturi: alizaliwa lini, alipata kipaimara lini, alifunga ndoa lini. Mwisho akaandika sababu ya kifo. "Marehemu alipitiwa na usingizi akiwa analinda maji, akazidiwa na mkondo." Aliisoma kaburini kwa sauti safi, polepole, na watu wakaguna kwa masikitiko. Mtu mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa, Consolata, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Mingoyo.

Jioni alimfuata Laurenti nyuma ya nyumba.

"Shemeji, mimi nimelala kitanda kimoja na Brigita miaka kumi na miwili. Panya akipita darini alikuwa anaamka. Niambie alisinziaje."

"Dada, mambo ya maji haya..."

"Sijakuuliza maji. Nimekuuliza usingizi."

Consolata akangoja, akachoka kungoja. "Karatasi ile itasomwa tena siku ya arobaini," akasema. "Baada ya hapo msiba umefungwa, watu wanatawanyika, na kilichosomwa ndicho kitakachobaki. Sitaki ndugu yangu abaki na jina la mzembe aliyekaribia kumwua mumewe. Kama una la kusema, useme kabla ya siku hiyo." Akaenda zake Mingoyo.

Siku ya tano Laurenti alikuwa peke yake, anatafuta chumvi. Nyuma ya mtungi wa unga akakuta kifuu cha nazi kimefunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mbaazi. Alidhani ni mbegu, akazimwaga kwenye mkeka, na kwa mazoea tu akazihesabu. Zilikuwa kumi na sita. Akahesabu tena. Akasimama, akateremsha kikombe cha bati kutoka kwenye rafu, akakihesabu nacho. Kumi na saba. Akakaa chini na hakula siku ile.

Hakuhitaji wa kumweleza: kwa mwezi kumi na sita, maji yalimaliza kutoka saa nne na nusu, wakati uleule walipovuka. Kila asubuhi, kwa siku zote zile, Brigita alikuwa akitia mbaazi moja kwenye kikombe cha mumewe na moja kwenye kifuu alichokiamini yeye, ambacho alikianza siku moja baadaye, kama walivyohesabu wa msikiti wa juu. Hakumwambia, kwa sababu alikwisha kumwambia akajibiwa kwa pilau. Na asubuhi ile, akijua hesabu mbili zimepishana na ipi ni ya kweli, alibeba ndoo akatoka naye. Kwa nini alikwenda? Laurenti aliliwaza swali hilo mpaka akaliogopa. Mimi nitasema ninavyoona. Alikwenda kwa sababu mumewe, asiyejua kuogelea, alikuwa anakwenda Kinyozi kwa hesabu mbovu na hasikii, na ilibidi awepo mtu wa kugonga ndoo.

Sasa mtu mwenye kifuu kile mkononi anafanya nini? Anakwenda kwa katekista siku ileile, anasema futa. Laurenti alikwenda. Mara ya kwanza Katekista Romani hakuwepo, na Laurenti alirudi nyumbani amefarijika, jambo ambalo lilimwaibisha. Mara ya pili alikuwepo, akamkaribisha kiti, wakazungumza habari za ugonjwa wa mihogo mpaka adhuhuri, wakaagana. Mara ya tatu hakufika, aliishia njiani. Watu walikuwa wanamletea ugali na mboga. Walimsalimia kwa upole. Hata wavuvi wa vyombo, waliokuwa wakimcheka, walimwachia samaki mlangoni. Kila siku upole ule ulizidi kumfunga mdomo. Alijiambia kwamba anamhurumia Hussen, maana akiitaja ile Idi, Hussen atajiona ndiye aliyemwua Brigita kwa sahani ya pilau. Maneno mazuri hayo. Aliyekuwa anahurumiwa ni Laurenti.

Siku thelathini na tano zikaisha hivyo.

Arobaini watu walijaa. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, wanawake wakapika tangu alfajiri. Consolata alikuja na ndugu zake. "Shikamoo, dada," Laurenti akasema. "Marahaba," akajibu, akamtazama usoni muda mrefu kidogo, kisha akaenda kukaa na wanawake wenzake. Wakasali rozari. Katekista Romani akaifungua ile karatasi, akasoma kuzaliwa, akasoma kipaimara, akasoma ndoa. Alipofika kwenye neno usingizi, Laurenti akasimama. Mkono mmoja ulishika kikombe cha bati, mwingine kifuu.

"Hakusinzia," akasema.

Romani akaishia hapo, kidole kwenye mstari.

"Brigita hakusinzia. Mwezi niliuhesabu vibaya mimi. Aliniambia tungoje tuuone, nikamkatalia. Aliniambia mchanga umekauka, nikamkatalia. Aligonga ndoo mara mbili nikamfokea, ndipo akanyamaza. Hesabu yake hii hapa, kumi na sita. Yangu hii, kumi na saba. Ya kwake ndiyo ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyemwua."

Akakiinua kifuu watu wakione, kikamponyoka, mbaazi zikatawanyika mchangani. Kisha mama mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti.

"Jamani, mapenzi haya! Hata yuko kaburini, bado anamfunika aibu!"

Basi ikawa imekwisha. Wanawake wakaitikia kwa kilio, wanaume wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee mmoja akasema mbaazi moja si kitu, panya hubeba, na nyumba gani haina panya. Hussen alikuja akamshika mabega, machozi yanamtoka. "Usijibebeshe, mwenzangu," akasema. "Mimi nilikukuta pale ufukweni. Ulisema mwenyewe."

"Sikusema! Niliinamisha kichwa tu. Hussen, nisikilize, siku ile ya Idi nilipokula kwako..."

"Huzuni inakusemesha, ndugu yangu. Kaa chini."

Kadiri alivyosisitiza, ndivyo walivyomsifu. Katekista Romani akamwekea mkono begani, akasema wote wameona leo mume wa Kikristo alivyo, na ndoa zote za kigango zijifunze. Akamkalisha. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akarudi pale kidole chake kilipokuwa, akaendelea kusoma: alipitiwa na usingizi akiwa analinda maji, akazidiwa na mkondo.

Watu walipokuwa wanakula, Consolata alikuwa amepiga magoti pale mchangani anaokota mbaazi. Hakuwa analia. Alizihesabu kwenye kiganja, akaipata ya mwisho chini ya mguu wa benchi. Laurenti akamwendea.

"Kumi na sita," akasema Consolata.

"Ndiyo, dada."

"Uliziona lini?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Siku ya tano."

"Na leo ya arobaini." Akazirudisha mbaazi kwenye kifuu, akakifunga kwenye pindo la kanga. "Ungeniambia siku hizo, shemeji, tungekuwa wawili wa kusema, na maneno yao yalikuwa bado mabichi. Sasa mimi nikisema, ni dada anamtetea mdogo wake. Wewe ukisema, ni mume anamlilia mkewe. Hakuna aliyebaki wa kuaminiwa."

"Nisamehe, dada."

"Leo siwezi," akasema Consolata, bila hasira. "Kesho sijui." Akaondoka na kifuu kwenda barabarani kungoja gari la Mingoyo. Hajarudi, na Laurenti hana ujasiri wa kumfuata.

Laurenti havui tena. Mshipi wake unaning'inia ukutani karibu na rozari, umeshika kutu kwenye ndoana. Lakini kila bamvua anateremka Kinyozi, maana wanawake wanaochokoa pweza wanahitaji mlinzi wa maji, na hakuna anayeipenda kazi hiyo. Kikombe cha mbaazi amekiacha. Siku mbili kabla anashuka ufukweni, anakaa kutwa nzima, anaitazama bahari inavyotoka na inavyorudi kwa macho yake. Wanawake wanamwamini. Hawamjui mlinzi mwingine anayegonga ndoo mapema kama yeye. Wakati mwingine Kipara hakijaguswa hata na tone, yeye anagonga, na wanarudi wakinung'unika kwa pweza waliowaacha.

Wakiwa wanavuka kwenda nje, mara nyingi mmoja wao humgeukia kwa utani wa kumchangamsha. "Haya, Mzee Laurenti, jicho kwenye Kipara. Usije ukasinzia kama marehemu mama."

"Hakusinzia," Laurenti anajibu. Anajibu hivyo kila mara, kwa maneno yaleyale.

"Tunajua, Mzee," wanamwambia, kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. "Tunajua." Wanapanda mwamba na vijiti vyao vya pweza, wanateremkia upande wa nje asikowaona. Yeye anaiweka ndoo kati ya miguu yake, anachukua jiwe la kugongea, na anakaa pale Brigita alipokuwa akikaa.